Mtu wa Mwanga

Jiwe la kwanza lilipita dirishani likatua juu ya cherehani ya mama. La pili lilimpata kaka begani, mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Nani ana wazimu asubuhi yote hii?" kaka alifoka, povu likimtiririka kidevuni.

"Mtoeni mwanga!" sauti ya mwanamume ilijibu kutoka nje. "Mtoeni huyo mwanga kabla hatujaingia wenyewe!"

Kaka alinigeukia. Mama alinigeukia. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja nilitaka kucheka, kwa sababu neno hilo tulilitengeneza wenyewe, humuhumu ndani, mezani.

Mimi ni mkemia. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na kazi yangu ina pande mbili. Upande mmoja natengeneza vichembe vya mafuta, vidogo kiasi kwamba ukivipanga elfu moja kwa mstari ndipo vinafikia unene wa unywele. Kazi yake ni kubeba dawa ya saratani hadi kwenye ini bila kuimwaga njiani. Upande wa pili ni spektroskopia: nakimulika kitu kwa leza, kisha nausoma mwanga unaorudi. Kila dawa hurudisha mwanga kwa namna yake, na kompyuta huuchora kama mstari wenye vilele. Kwa vilele hivyo najua kama dawa bado imo ndani ya kichembe au imeshavuja.

Nilipoanza niliapa kwamba kazi hiyo nitaieleza kwa Kiswahili ambacho mama yangu, fundi cherehani, anaweza kukirudia mbele ya wateja. Niliona hiyo ndiyo heshima ya kusoma. Nikamwambia, "Mama, mimi nasoma mwanga. Na dawa yangu haipigi hovyo, inamtafuta mlengwa wake tu." Mama alielewa vizuri mno. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kupimwa gauni aliambiwa, "Binti yangu ni mtu wa mwanga. Ana dawa yake, ukishaimeza inakufuata mpaka kwenye ini."

Mwanga ni nuru. Mwanga pia ni mtu anayeroga. Mtaa mzima ulicheka. Vijana wa kona wakaanza kuniita Mwanga. "Mwanga, usinilenge bwana, bado sijaoa," walisema, nami niliitikia na kucheka nao. Nilidhani utani ukishazoeleka hauna meno.

Mlango ulipigwa teke mara mbili, bawaba ya juu ikang'oka. Aliyeingia kwanza alikuwa Baba Pacha, mwenye bucha, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Aproni yake ilikuwa na damu iliyokauka ya jana, na mkononi alishika kisu cha kuchunia. Nyuma yake walijazana wanaume kama ishirini. Wengine niliwashonea vifungo vya sare za watoto wao.

"Baba Pacha," kaka alisema. Alitema povu, akajaribu kutabasamu. "Jirani yangu. Hebu weka hicho kisu tuongee kama watu."

"Mke wangu anakufa. Sina cha kuongea na wewe. Namtaka dada yako."

Kaka ni fundi wa kuchomelea. Mtaani wanamwita Cheche. Si mtu wa ugomvi, ila nyuma ya mlango huwa anaegemeza nondo za kazi. Alichukua moja. Aliizungusha mara moja tu, ikampata mtu gotini, na yule mtu akaanguka akilia kwa sauti nyembamba. Baada ya hapo walikuwa sita juu yake. Walimnyang'anya nondo, wakamlaza mkono juu ya kizingiti, na mwanamume mmoja mrefu, mwembamba, tuliyezoea kumwita Twiga, akaishusha ile nondo kwa nguvu zake zote. Nilisikia mfupa. Akapiga tena palepale, kama anayepasua kuni.

Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kupiga tena baada ya kusikia sauti ile.

Mama alinyakua mkasi wa kukatia vitambaa akauchoma mkono wa kwanza ulionijia. Mkono ulirudi, ukaja mwingine. Nilishikwa nywele. Nilikuta kidole mdomoni mwangu, nikakiuma mpaka meno yakafika kwenye kitu kigumu. Nikapigwa ngumi ya sikio, nikaburutwa juu ya vipande vya kioo hadi uani.

Uani kulikuwa na jua zuri. Shuka tulizofua jana zilikuwa bado kwenye kamba.

"Leteni petroli," mtu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba apitishiwe chumvi.

Twiga ndiye aliyekuja na dumu. Alinimwagia kuanzia kifuani kwenda chini. Ilikuwa ya baridi. Nilishangaa kwamba ilikuwa ya baridi.

Baba Pacha alichutama mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu, hayakuwa yamefumba tangu jana. Kutoka mfuko wa aproni alitoa kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo, ndani yake unga wa kijani.

"Hii nimeikuta chini ya mto wake. Itaje."

"Niitaje nini?"

Alinipiga kwa mkono uleule ulioshika kisu. Mpini ulinivunja jino. "Daktari anasema ini lake linakufa na hajui sumu gani. Akiijua atajua la kumpa. Asipoijua, leo hii hii nampoteza. Wewe ndiye uliyempa. Taja jina la dawa yako!"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mkewe, Mama Pacha, alikuwa anakufa kwa ini.

Na papo hapo nikaikumbuka Jumanne. Mama Pacha alikuja kuchukua gauni lake, shavu limevimba kwa jino bovu. Mama alikuwa akipiga pasi, mimi nilikuwa na kompyuta mapajani natazama vilele vyangu. "Mdogo wangu wewe uliyesoma," aliniuliza, "hizi tembe za maumivu hazina shida?" Alinionyesha karatasi ya parasetamoli. Sikuinua hata kichwa. "Hazina neno, dada. Mbili, mara tatu kwa siku. Hata wiki nzima." Akashukuru, akaondoka. Sikumwuliza kama kuna kitu kingine anachotumia. Parasetamoli ikizidi, kitu cha kwanza inachokiua ni ini. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote mtaani. Ini ndiyo kazi yangu.

Nikaukodolea macho ule unga wa kijani. Kuna wauzaji huchanganya dawa za hospitali kwenye majani yao ili mteja apone haraka na arudi. Kama unga ule ulikuwa na parasetamoli, Mama Pacha alikuwa akiila mara mbili, kwa neno langu.

"Sikumpa mimi," nilisema, damu ikinijaa mdomoni. "Lakini naweza kuijua. Nipeleke kazini kwangu. Nusu saa. Nikishindwa, unifanye unavyotaka."

"Anataka kutoroka!" mtu alipiga kelele.

"Atageuka paka huyo!"

Twiga alikuwa tayari amewasha kiberiti.

Baba Pacha aliinuka. Sikuuona mkono wake. Niliona pua ya Twiga ikifumuka chini ya ubapa wa kisu, na njiti ikaanguka mchangani, hatua moja kutoka kwenye miguu yangu iliyolowa, ikazima. Alimpiga mara ya pili akiwa tayari anaanguka. Mara ya tatu akiwa chini.

"Mke ni wangu au wenu?" aliwageukia wengine, anahema. "Kuna mwingine hapa ana mke hospitali? Aseme!"

Walirudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo.

Mama alikuwa amekaa chini mlangoni, kichwa cha kaka mapajani mwake. Mkono wa kaka ulilala upande usio wake. Mama alikuwa bado ameshika mkasi, ameuelekeza kwa watu. "Nenda!" aliniambia. "Nenda mwanangu, huyu namtunza mimi!"

Nilikwenda.

*

Pikapu ya bucha inanuka damu hata ikiwa tupu. Aliendesha kwa mkono mmoja. Kwa mwingine aliisogeza ncha ya kisu kwenye mbavu zangu. Kila shimo la barabara lilinichoma. Tulipofika chuoni fulana yangu ilikuwa na madoa manne madogo.

"Akifa nakuchinja," alisema njiani.

"Najua."

"Sikutishi. Nakwambia tu ujue."

"Nimejua, Baba Pacha. Kata kushoto."

Lango la maabara lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi, mzee mmoja mpole anayependa taratibu, alitoka kwenye kibanda chake. "Mkemia, leo Jumamosi. Lazima kibali." Kisha akaniona usoni, akainusa petroli, akakiona kisu. Kwa ujasiri ambao sikuutegemea, aliinua rungu. Baba Pacha alimkaba koo akamgonga kichwa langoni, tena na tena, mnyororo ukilia kila mara, mpaka nikapiga kelele, "Funguo! Chukua funguo, umwache, funguo ziko kiunoni!" Alimwacha. Mzee aliteleza chini polepole akakaa. Nilimvuka. Mpaka leo ninaona aibu kwamba nilimvuka bila kuinama.

Ndani, kabla ya yote, nilisimama chini ya bomba la dharura, lile la kuoshea mtu aliyemwagikiwa na kemikali. Nilihitaji kuwasha jiko la umeme, na nguo zangu zilikuwa petroli tupu. Maji yalinipiga kichwani kwa kishindo. Baba Pacha alisimama kando akinitazama kama kwamba hata kuoga ni hila.

Niliweka chembe ya unga chini ya leza. Mstari ukapanda kwenye kompyuta ukawa kilima kimoja kikubwa, kisicho na kilele chochote.

"Nini hiyo?"

"Majani. Rangi ya kijani ikimulikwa inawaka yenyewe, inafunika kila kitu."

"Kwa hiyo hujui."

"Bado."

Alinishika kisogo akanisukuma uso hadi karibu na kioo cha kompyuta. "Nusu saa, ulisema."

"Basi niachie mikono!"

Aliniachia. Nilichemsha maji kidogo, nikaukoroga unga ndani yake. Parasetamoli huyeyuka kwenye maji ya moto. Ile rangi ya kijani haiyeyuki. Nikachuja. Maji yalitoka rangi ya chai nyepesi. Nikadondosha tone moja juu ya karatasi ya alumini, nikaliweka juu ya jiko likauke. Nilimwaga tone la kwanza na la pili. La tatu lilikaa. Lilipokauka liliacha fuwele ndogo nyeupe, kama chumvi.

Nilizirudisha chini ya leza. Safari hii vilele vilitokea, vingi, lakini katikati yao kulikuwa na kimoja chembamba, kirefu, kama sindano, ambacho sikukijua kabisa. Nilifikiria sumu ya panya. Nilifikiria sumu za mashambani. Nilikaribia kulitaja jina moja kwa sauti, na kama ningelitaja, hospitali wangemtibu kitu ambacho hakuwa nacho.

Kisha nikainua kichwa nikaziona zile taa ndefu za darini.

Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mashine inasoma mwanga wowote unaoingia, wa leza na wa taa.

"Zima taa," nilisema. "Na ushushe pazia."

"Nini?"

"Zima taa, Baba Pacha. Nahitaji giza."

Uso wake ulibadilika. Alirudi nyuma hatua moja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona kwamba ananiogopa. Aliamini. Hakuwa anatafuta mtu wa kumbebesha lawama tu. Aliamini kabisa, tangu mwanzo, kwamba mimi ni mwanga, na sasa mwanga anaomba giza.

"Ukifanya kitu," alisema kwa sauti ya chini, "ukinong'ona hata neno moja..."

"Nishike. Weka kisu shingoni ukitaka. Lakini zima."

Alizima. Alikuja gizani kwa kupapasa, mkono wake mzito ukanikamata bega, na kisu kikaja chini ya taya langu, baridi, kinanuka mafuta ya nyama. Nilibonyeza kitufe. Tukangoja sekunde thelathini mimi na yeye, tunapumua.

Ile sindano ilikuwa imetoweka. Vilivyobaki nilivijua kama ninavyoujua uso wa kaka yangu. Kila asubuhi, kabla ya kazi, mashine yetu hupimwa kwa kitu ambacho vilele vyake vinajulikana dunia nzima, ili tuwe na hakika haijapotoka. Kitu hicho ni parasetamoli. Nilikuwa nimeiona grafu ile zaidi ya asubuhi mia tatu, na chai mkononi.

"Ni tembe za maumivu," nilisema. "Zimesagwa humu ndani. Karibu nusu ya unga wote."

"Tembe za maumivu haziui mtu."

"Zikizidi zinaua. Mpigie daktari. Mpigie sasa hivi!"

Aliwasha taa. Alipiga, akaweka sauti ya nje. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyesimama tangu jana. Nilijitambulisha, nikamwambia nilichokiona. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikasema ninao.

Hapo ningeweza kunyamaza. Unga ungetosha kubeba lawama yote. Lakini dawa ya kupinga sumu ile huwekwa kwa kutazama mgonjwa amekula kiasi gani na kwa muda gani, na mtu pekee mle ndani aliyejua kwamba kulikuwa na kingine nilikuwa mimi. Angalau ndivyo nilivyodhani.

"Daktari, si unga tu. Juu ya unga amekuwa akila tembe zenyewe, parasetamoli. Tangu Jumanne. Mbili, mara tatu kwa siku."

"Vyote pamoja? Nani alimwambia ale vyote viwili?"

Baba Pacha alinitazama.

"Mimi nilimwambia tembe hazina neno," nilisema. "Unga sikuujua. Sikumwuliza."

Sikumaliza vizuri neno la mwisho. Alinikamata shingo kwa nyuma akanipigiza uso kwenye meza. Chupa ziliruka, simu ikaanguka. Niliisikia pua yangu ikivunjika, sauti ndogo, ya karibu, ndani ya kichwa. Aliniinua akanipigiza tena, na mkono wangu wa kushoto, uliokuwa ukitafuta pa kushika, ukapita juu ya kioo kilichopasuka ukachanika kiganjani. "Ulimwambia!" alikuwa akisema. "Ulimwambia! Ulimwambia!"

"Haloo?" simu ilisema kutoka sakafuni. "Kuna nini huko?"

"Napigwa tu, daktari," nilijibu. "Endelea kuandika."

"Nahitaji idadi ya kweli. Una uhakika ni mbili mara tatu?"

"Ndivyo nilivyom..."

"Nne," Baba Pacha alisema.

Mkono wake ulilegea shingoni mwangu.

"Nne," alirudia, akiitazama simu kule chini. "Mara nne kwa siku. Mbili zilikuwa hazimtulizi. Nilimnunulia mimi hizo tembe. Alikuwa analia, analia usiku kucha, na mimi naamka alfajiri kwenda machinjioni. Nikamwambia aongeze. Nikamwambia, ongeza mke wangu, na mimi nilale."

"Nyamazeni wote wawili," daktari alisema, bila ukali. "Namtundikia dripu sasa hivi." Akakata.

Baba Pacha alikaa chini, mgongo kwenye kabati la kemikali. Alikitazama kisu kama mtu aliyekikuta barabarani. Nilikichukua mkononi mwake, hakukataa. Nilikiweka kwenye sinki, nikafunga kiganja changu kwa taulo, kisha nikatoka kwenda kumwinua mlinzi.

*

Mlinzi alishonwa nyuzi kumi na moja. Kaka alifanyiwa upasuaji mara mbili, wakamtia vyuma mkononi. "Sasa mimi mwenyewe ndiyo nondo," alisema alipoamka, halafu akalia, kwa sababu ulikuwa mkono wa kulia, na fundi wa kuchomelea bila mkono wa kulia ni nani?

Jumapili mchana lile kundi, baada ya kuulizana mtaa mzima, lilimpata muuza unga. Ndugu mmoja wa Baba Pacha alikuwa amesikia habari ya maabara na kuisambaza, na Twiga, pua ikiwa na plasta, aliwaongoza na dumu lilelile. Walimtoa kwenye kibanda chake wakamvunja miguu yote miwili, wakakichoma kibanda mbele yake. Aliwaapia kwamba aliununua unga ukiwa hivyo, kwamba hata yeye hunywa. Huenda ni kweli. Nilikuwa nimeusoma mwanga sawasawa, nikaitaja sumu sawasawa, na jina nililolitaja lilikwenda likamfikia mtu mlangoni kwake. Nilikwenda polisi nikaandika maelezo ya Twiga na wenzake, kurasa tisa, kwa mkono mmoja. Sitaacha kwenda mpaka wayasome.

Mama Pacha alikuwa kati ya kufa na kupona kwa siku nne. Ya tano, manjano ya macho yakaanza kupungua. Ya saba aliniita.

Nilisimama kando ya kitanda na pua yangu iliyofura. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, lakini alinijua.

"Mdogo wangu. Uliniambia hazina neno."

"Ndiyo, dada. Nilikuambia. Sikukuuliza unatumia nini kingine. Sikukutazama hata usoni. Nisamehe."

"Ungeniuliza ningekudanganya. Yule wa unga alinikataza kuwaambia watu wa hospitali, akasema dawa itapoteza nguvu." Akafumba macho. "Lakini ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

"Siku nyingine uliza."

Niliahidi. Nilipotoka, kaka alikuwa akinisubiri ukumbini, mkono wa kulia kwenye plasta hadi begani. Na kutoka upande wa ngazi, akiwa na chupa ya uji kwapani, akaja Baba Pacha. Alikuwa akingoja kesi yake, ametoka kwa dhamana siku hiyo hiyo. Tukakutana watatu katikati ya ukumbi mwembamba.

Aliweka uji chini.

"Cheche," alisema. "Jirani yangu..."

Kaka alimpiga kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa ngumi mbaya, ya mkono usiojua kazi hiyo, ikampata mdomoni. Baba Pacha hakuinua mikono. Ya pili ilimpata jichoni. Wauguzi walianza kukimbia kutoka mwisho wa ukumbi. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa kaka, ningeweza kumshika baada ya ya kwanza. Maisha yangu yote nimejiita mtu mpole. Nilisimama nikaitazama ya pili, na nikaingoja ya tatu, nayo ilipotua na damu ikaruka ukutani nilihisi kitu kifuani mwangu kikitulia, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko petroli.

Niliingia katikati yao. Ya nne ilikuwa imeshatoka. Ilinipata mimi, shavuni, nikagonga ukuta.

Kaka alimwona aliyempiga. Akaketi sakafuni, mkono wa vyuma juu ya mapaja, analia kwa sauti, na Baba Pacha, mdomo umepasuka, akaketi karibu naye kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Nani huyo anapigwa huko nje?" Mama Pacha aliuliza kutoka ndani, sauti dhaifu, yenye hasira.

Muuguzi mmoja alichungulia mlangoni. "Ni mume wako, mama. Tulia."

"Basi niinulieni mto nione."